Mita 300 kwa Nyuzi Moja

Mwezi Machi 1835 Charles Darwin alikuwa akivuka milima ya Andes, kutoka Chile kwenda Mendoza, pamoja na wenyeji wawili na nyumbu wa kubeba mizigo. Alikuwa na miaka 26 tu, bado hajawa yule Darwin wa vitabuni. Usiku mmoja walilala mahali ambapo yeye mwenyewe alikadiria hapakuwa chini ya futi 11,000 juu ya usawa wa bahari. Wakabandika viazi. Maji yakatokota, saa zikapita, viazi vikabaki vigumu vile vile. Sufuria ikaachwa motoni usiku kucha, asubuhi ikachemshwa tena, na bado. Darwin aliwasikia wenzake wakilijadili jambo hilo, na hukumu waliyoitoa ni kwamba kosa ni la sufuria. Ilikuwa mpya, na ilikuwa imekataa kupika viazi.

Wasomaji wengi wa kisa hiki huwacheka wale wenyeji. Mimi naona walifikiri vizuri. Walivijua viazi, waliujua moto, waliyajua maji. Katika yote yaliyokuwa mbele yao, kilichokuwa kigeni ni sufuria peke yake, basi wakaishika sufuria. Hivyo ndivyo fundi yeyote hutafuta hitilafu: ni nini kilichobadilika? Walichokosa ni kwamba kulikuwa na badiliko lingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni kimo cha mahali walipowasha moto. Kati ya kimo hicho na joto la maji yanayochemka kuna uhusiano, na uhusiano wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba unaandikika kwa mstari mmoja wa hesabu za kidato cha pili.

Lakini kwanza tukae jikoni kidogo.

Bandika sufuria ya maji, usiifunike, usogee karibu. Viputo vya kwanza, vile vidogo vinavyong'ang'ania ubavuni mwa sufuria, si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji na sasa joto linaifukuza. Baada ya muda, chini kabisa panapopata moto mkali, vinazaliwa viputo vya aina nyingine, na hivi ndivyo vya mvuke. Vinapanda kidogo, vinakutana na maji ya juu ambayo hayajapata moto wa kutosha, vinasinyaa na kupotea. Birika linapoimba kabla ya kuchemka, unachosikia ni viputo hivyo vikisinyaa kwa wingi. Kisha mlio unashuka, viputo vinaanza kufika juu vikiwa vizima na kupasukia hewani, na uso mzima wa maji unachafuka. Hapo ndipo tunasema maji yamechemka.

Kwa nini kiputo kilichosinyaa dakika mbili zilizopita sasa kinapona? Kwa sababu ndani yake mvuke unasukuma kwenda nje, na juu ya maji hewa inasukuma kwenda chini. Hewa ina uzito. Pwani, kila sentimita moja ya mraba hubeba uzito wa hewa wa karibu kilo moja, usiku na mchana. Mvuke ukiwa dhaifu kuliko mgandamizo huo, kiputo kinabanwa na kufa. Maji yakizidi kupata moto, mvuke unapata nguvu, mpaka unafika mahali pa kutoka sare na hewa. Siku ya sare ndiyo siku ya kuchemka. Na ukizidisha kuni baada ya hapo maji hayapati joto zaidi. Moto wote wa ziada unaishia kutengeneza mvuke.

Ukipanda mlima, sehemu ya hewa unaiacha chini yako. Ukifika kama mita 5,500, nusu ya hewa yote iko chini ya miguu yako na iliyobaki juu ya kichwa ni nusu tu. Mvuke sasa una mpinzani mnyonge, kwa hiyo sare inapatikana mapema, maji yakiwa bado hayajafika nyuzi 100.

Jambo hili lilijulikana zamani. Fahrenheit alilieleza mwaka 1724: joto la kuchemka hupanda na kushuka pamoja na mgandamizo wa hewa. Mswidi Anders Celsius, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742, alikuwa mwangalifu kusema kwamba nukta ya kuchemka ichukuliwe hewa ikiwa katika mgandamizo maalumu. Sisi tuliorithi namba 100 tuliliacha lile sharti njiani. Kitabu cha shule kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Ni kweli Tanga, ni kweli Mombasa na Zanzibar. Mbeya, mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 na kidogo, na mwanafunzi wa huko aliyesoma kipimajoto chake vizuri, akaandika 94, kisha akasahihishwa kuwa 100, ameonewa.

Sasa tuutafute mlinganyo. Mstari mnyoofu unahitaji nukta mbili tu. Ya kwanza tunayo bure: mwinuko 0, kuchemka nyuzi 100. Ya pili tuichukue mita 1,500, ambacho ni kimo cha Goma kandokando ya Ziwa Kivu. Wataalamu wa hali ya hewa wana hesabu ya mgandamizo wa kawaida kwa kila kimo, na kwa mita 1,500 mgandamizo huo unawiana na maji kuchemka kwa nyuzi 95. Basi tumepanda mita 1,500, tumepoteza nyuzi 5. Gawanya 1,500 kwa 5: kila mita 300 zimechukua nyuzi moja. Ni kama msafiri aliyeondoka pwani na noti 100 mfukoni, na kila baada ya mita 300 za kupanda kuna kizuizi kinachodai noti moja. Akikuonyesha alichobakiwa nacho unajua amepita vizuizi vingapi.

Tukiuita mwinuko kwa mita M, na kiwango cha kuchemka K, mlinganyo ni huu:

K = 100 − M/300

Ile 100 ni mahali mstari unapoanzia. Ile sehemu ya 1/300 ni mteremko wake, na alama ya kutoa inatuambia kwamba unashuka. Mlinganyo mzima ndio huo.

Hapa nina neno la pembeni. Celsius mwenyewe alikipanga kipimo chake kinyume na tunavyokitumia leo: 0 ilikuwa kuchemka na 100 ilikuwa kuganda. Baada ya kifo chake kikageuzwa. Wengi husimulia hilo kama kichekesho, lakini jaribu kuandika mlinganyo wetu kwa kipimo chake cha awali. Pwani ni 0, Goma ni 5, na mlinganyo unakuwa K = M/300, bila 100 na bila alama ya kutoa. Kwa kazi hii moja, yule Mswidi alikuwa na kipimo kizuri kuliko chetu.

Mlinganyo wowote unaotoka kwenye nukta mbili lazima upelekwe mahali pengine ukajaribiwe, kwa maana nukta mbili hazikosi mstari hata siku moja. Tuupeleke Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ambayo ni kama ilitengenezwa kwa somo hili: Mandara iko kama mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kila kambi mita 1,000 juu ya nyingine, kisha kilele cha Uhuru mita 5,895. Mlinganyo unatabiri nyuzi 90.9 Mandara, 87.6 Horombo, 84.3 Kibo na 80.4 Uhuru. Sasa fanya hesabu ndefu, ile inayoanza na mgandamizo wa hewa ya kawaida kwa kila kimo, halafu inatafuta mvuke wenye nguvu sawa na huo. Inatoka 90.9, 87.6, 84.2 na 80.3. Tofauti haizidi sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kutoka ufukweni hadi paa la Afrika, kwa mstari tulioupata kwa kugawanya 1,500 kwa 5.

Niwe mkweli kuhusu neno "kawaida". Hewa ya kawaida ni hewa ya kwenye majedwali. Karibu na ikweta anga ina joto zaidi, hewa imetanuka kwenda juu, na mgandamizo wa vileleni ni mkubwa kidogo kuliko jedwali linavyosema. Kwa hiyo mtu atakayechemsha maji Uhuru atapata karibu nyuzi moja zaidi ya hesabu yetu. Hali ni hiyo hiyo Everest. Mwaka 1981 daktari wa Kimarekani Christopher Pizzo alibeba baromita hadi kileleni na kusoma milimita 253 za zebaki, wakati jedwali linatoa kama 236. Kwa milimita 253 maji huchemka karibu nyuzi 72. Mstari wetu unasema 70.5. Kosa la nyuzi moja na nusu kwenye mlima mrefu kuliko yote duniani mimi nalisamehe.

Jikoni, hata hivyo, mambo hayaendi kwa mstari. Joto linashuka kidogo kidogo, lakini muda wa kupika unarefuka kwa kasi. Wanakemia wana kanuni ya makadirio: ukipunguza nyuzi 10, mabadiliko ya kikemia hupungua kasi kama mara mbili. Kwa kanuni hiyo maharage yanayoiva kwa saa mbili Dar es Salaam yangedai zaidi ya saa nne Horombo, mafuta ya taa au gesi ikiteketea muda wote huo. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu tuliyokwisha kuiona: maji yaliyochemka yamefika mwisho wa joto lake. Yakishachemka punguza moto. Viazi havijui tofauti kati ya kutokota kwa fujo na kutokota kwa utulivu.

Kinachosaidia ni kuubadilisha mgandamizo wenyewe. Presha kuka hufanya hivyo kwa kuufungia mvuke ndani mpaka unaongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa ya pwani, juu ya ule wa nje. Pwani maji yaliyomo hufika karibu nyuzi 120. Nairobi yatafika kama 117, kwa sababu hewa ya nje inayoanziwa ni pungufu. Kwa mtu wa Njombe au Eldoret anayepika maharage kila wiki, naiweka presha kuka kwenye orodha ya vyombo vya lazima, mbele ya friji.

Swali linalofuata nimelisikia mara nyingi: maji ya kunywa yanayochemka kwa nyuzi 88, je, ni salama? Ni salama, kwa kuwa vijidudu vya kuharisha huanza kufa kwenye joto la chini zaidi ya hapo. Suala ni muda. Taasisi ya CDC ya Marekani inashauri maji yatokote dakika moja, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Turudi kwenye mstari, kwa sababu kuna jambo linalopaswa kumsumbua msomaji makini. Mgandamizo wa hewa haupungui kwa mstari mnyoofu. Unapungua kwa kasi karibu na ardhi na polepole huko juu; ukiuchora kwenye grafu unapata mchirizi uliopinda. Nao uhusiano wa mgandamizo na kiwango cha kuchemka umepinda vile vile. Tumeunganisha vitu viwili vilivyopinda, tukapata kilichonyooka. Imekuwaje?

Jibu ni kwamba mipindo hiyo miwili inafanana, na mmoja unaufuta mwingine. Fuatilia nusu. Pwani una mgandamizo mzima na nyuzi 100. Ili mgandamizo uwe nusu, panda kama mita 5,500. Maji yatachemka kwa nyuzi 81.7. Umepoteza nyuzi 18.3. Ili mgandamizo uwe nusu ya nusu, panda tena kama mita 4,800, kufikia karibu mita 10,300, usawa wa ndege kubwa za abiria. Maji yatachemka kwa 65.3. Umepoteza 16.4. Hatua ya pili ya mita ni fupi kidogo kuliko ya kwanza, kwa sababu hewa ya juu ni ya baridi, na hewa ya baridi imeshikana, hivyo unaimaliza haraka. Lakini hatua ya pili ya nyuzi nayo ni fupi kidogo. Gawanya: 5,500 kwa 18.3 ni kama 300, na 4,800 kwa 16.4 ni kama 293. Kila nusu ya mgandamizo inakula kipande kinacholingana cha kimo na kipande kinacholingana cha joto, na mgandamizo wenyewe unatoka katikati kama dalali aliyekwisha kuwakutanisha wenye mali. Kinachobaki ni kimo na joto, na baina yao mstari unaokaribia sana kunyooka.

Unakaribia kunyooka hadi wapi? Mbali kuliko nilivyotarajia. Daktari wa jeshi la anga la Marekani, Harry Armstrong, amepewa heshima ya jina kwenye mpaka wa kutisha: karibu mita 19,000, ambapo maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37. Rubani akifika huko bila vazi la mgandamizo, mate na machozi yake yanatokota. Weka 19,000 kwenye mlinganyo wetu: nyuzi 36.7. Mstari wa kidato cha pili umeufikia mpaka wa Armstrong bila kujikwaa. Ni kwenye mita 30,000 ndipo unapokosea bila aibu: unatabiri nyuzi 0, wakati maji huko yangechemka kwa karibu nyuzi 10. Upande wa chini hauna tatizo. Ufukwe wa Bahari ya Chumvi uko kama mita 430 chini ya usawa wa bahari, na kutoa hasi ni kujumlisha, basi maji safi huko yanachemka kwa nyuzi 101.4. Nasema maji safi kwa kuwa ya bahari yenyewe yana chumvi nyingi, na chumvi inapandisha kiwango cha kuchemka kwa sababu zake nyingine.

Hadi hapa tumetoka kwenye mwinuko kwenda kwenye joto. Mlinganyo wa mstari, hata hivyo, hupitika pande zote mbili. Ugeuze:

M = 300 × (100 − K)

Sasa kipimajoto kimekuwa chombo cha kupimia milima. Kwa wasafiri wa karne ya 19 hilo lilikuwa jambo la kuokoa mgongo. Kimo cha mahali kilipimwa kwa baromita ya zebaki, mrija wa kioo wenye urefu unaokaribia mita moja, na mrija huo ulipaswa kubebwa wima, kwenye nyumbu au begani, bila kugongwa. Ulivunjika. Kipimajoto ni kifupi, kinaingia kwenye kisanduku, na maji na moto vipo popote. Mwanafizikia wa Edinburgh, James David Forbes, aliyeipenda Alps kuliko wengi, alilishughulikia suala hili kwa miaka. Aliona kimo kinakwenda na nyuzi kwa mstari, kama futi 550 kwa kila nyuzi moja ya Farenhaiti, ambazo ukizigeuza ni karibu mita 302 kwa nyuzi yetu moja. Mwaka 1857 alichapisha vipimo 17 vya mgandamizo na joto la kuchemka kutoka Alps na Scotland. Namba hizo hadi leo ziko katika vitabu vya takwimu vya vyuo vikuu, zikitumiwa kufundisha namna ya kuuchora mstari bora katikati ya nukta nyingi. Nukta moja kati ya zile 17 imekaa pembeni ya wenzake, na wanafunzi bado wanabishana kama waiache ndani au waitoe.

Mwaka ule ule wa 1857, mwezi Juni, Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani yetu kuelekea bara, na Februari 1858 msafara ukafika Ujiji. Vyombo vyao vingi vya kupimia viliharibika njiani. Kimo cha Ziwa Tanganyika wakakitafuta kwa kuchemsha maji, na namba iliyochapishwa ilikuwa futi 1,850, karibu mita 564. Usawa wa ziwa ni kama mita 770. Walilishusha ziwa kwa mita 200 na ushei.

Ukisikia mita 200 unafikiri ni uzembe. Pitisha kwenye mlinganyo. Kwa mita 770 maji yanachemka nyuzi 97.4. Kwa mita 564, nyuzi 98.1. Kosa lote ni nyuzi 0.7. Kwenye mrija mwembamba wa kioo, machoni pa mtu mwenye homa (Burton alifika Ujiji hawezi kutembea, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho), nyuzi 0.7 ni upana wa uzi. Kioo chenyewe kinaweza kukosea kiasi hicho kwa uzee tu. Majedwali yao yalikuwa na masahihisho mengi kuliko mstari wetu, lakini hakuna sahihisho linaloponya usomaji mbaya. Kipimo chao cha Ziwa Viktoria, alilolifikia Speke peke yake mwezi Agosti mwaka huo, kilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Miaka sita baadaye, Machi 1864, Samuel Baker alifika Ziwa Albert, naye akachemsha maji. Alitangaza futi 2,720, karibu mita 829. Ziwa hilo liko kama mita 620. Baker amelipandisha kwa kiasi kile kile ambacho wenzake walilishusha Tanganyika, tena nyuzi 0.7.

Peke yake kila kosa lingekuwa jambo la ukurasa wa mwisho. Pamoja yalileta fujo, kwa kuwa swali kubwa la wakati ule lilikuwa chanzo cha Nile. Burton, aliyekuwa amegombana na Speke, aliitaka Tanganyika iwe ndiyo chanzo, imwage maji yake kaskazini kuelekea Albert. Sasa tazama vipimo: Tanganyika mita 564, Albert 829. Maji hayapandi mlima. Kwa namba hizo hoja imekufa. Kwa namba za kweli, 770 na 620, Tanganyika ndiyo iliyo juu na hoja inafufuka. Vipimo viwili vya maji ya moto, kila kimoja kikiwa kimekosa kwa chini ya nyuzi moja, viliyapindua maziwa mawili, la juu likawa chini na la chini likawa juu.

Mambo yaliamuliwa na macho. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika wakaukuta mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron akauona mto Lukuga upande wa magharibi, na huo ndio mlango wa ziwa, kuelekea Kongo. Basi Tanganyika haikuwa chanzo cha Nile, na namba zilizokataa jambo hilo zilikuwa sahihi kwa bahati tu.

Somo la hesabu lililomo humo linahusu ile 300. Ukienda kutoka mwinuko kwenda joto, 300 ni kigawanyo, na kinameza makosa: kosea kimo kwa mita 30, joto linakosea kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, na hakuna mpishi atakayejua. Ukirudi kinyume, 300 inakuwa kizidisho, na kinakuza kila kitu kinachopita, ukweli na kosa kwa pamoja. Mlinganyo ni ule ule, wala haukukosea Ujiji. Lakini kuna upande unaosamehe na upande usiosamehe, na mtumiaji ndiye anayetakiwa kujua amesimama upande gani. Hata hali ya hewa ya siku inaingia hapa. Ulaya kimbunga kinaweza kushusha mgandamizo kiasi cha kuudanganya mlinganyo kwa mita 200 na zaidi, ukiwa hujatoka nyumbani. Kwetu karibu na ikweta hewa ni tulivu zaidi; hupanda na kushuka kidogo kila siku, kilele chake kikiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na udanganyifu wake ni wa mita 20 au 30.

Ukitaka kupima nyumbani, tafuta kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110. Kianze kwenye barafu inayoyeyuka. Kisiposoma 0, andika tofauti yake uitoe baadaye. Kisha chemsha maji safi, yasiyo na chumvi, kwenye sufuria ndefu, na kipimajoto kisiguse chini wala ubavuni, maana hapo utapima joto la chuma. Subiri kitulie. Soma jicho likiwa usawa wa zebaki au spiriti, si kwa kuinama kutoka juu. Toa usomaji wako kwenye 100, zidisha kwa 300. Arusha, iliyo kama mita 1,400, tarajia nyuzi 95 na kidogo. Kigali na Iringa, karibu 95 kamili. Addis Ababa, 92. Kama alama za kipimajoto chako ni za nyuzi nzima nzima, usibishane na jirani kuhusu mita 100. Na kipimajoto cha homa kiache kabatini: kinaishia nyuzi 42, na kwenye maji yanayochemka kitapasuka.